Mkamata-nzi wangu wa Kakamega amekataliwa. Nani anaweza kutenganisha hawa wadogo wa kahawia?

#1 Jicho la Shinyalu
Jumatatu, saa 3:10 usiku

Wadau, hamjambo. Uzi huu utakuwa mrefu na nusu yake ni malalamiko, kwa hivyo mwenye chai amimine kabisa.

Jana alfajiri nilipanda boda hapa Shinyalu hadi Isecheno, nikaingia msituni saa kumi na mbili na nusu. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya njia na mbega walikuwa wananguruma upande wa mto. Mwendo wa nusu saa hivi kuna mti mkubwa ulioanguka wakati wa mvua hizi, ukaacha pengo lenye mwanga. Pembeni mwa pengo, kwenye tawi kavu, alikuwa amekaa ndege mdogo: kahawia-kijivu juu, kijivu-kijivu chini, pambo hana hata moja. Anatulia, anachomoka ghafla, unasikia mdomo ukifunga "tap", anarudi. Mkamata-nzi, hilo halina ubishi. Swali ni yupi.

Nilipata picha tatu kwa simu niliyoibandika kwenye darubini. Mnaziona hapo chini. Najua, hazifai hata kalenda ya duka.

Kwa wageni wa mambo haya: hapa tunawaita kwa jina la pili la Kilatini, adusta, striata, lendu, kwa sababu Kiswahilini wote tunawaita wakamata-nzi tu, na majina ya Kiingereza yanabadilishwa kila uchao. Mtatuvumilia.

Sasa hoja yangu ilikuwa hivi. Wa kahawia wa saizi ile ninaowajua Kakamega ni hao hao watatu. Striata ana michirizi kifuani na utosini; huyu hana. Adusta ni kabonge, na kifuani ana michirizi hafifu kama moshi. Huyu kifua chake ni uchafu-uchafu tu, si michirizi. Kisha likaja lililonimaliza kabisa: mdomo wake ulikuwa na njano. Na nani ana njano mdomoni? Lendu! Yule ambaye watu wanatoka Ulaya na mabegi makubwa kuja kumtafuta, ambaye Kenya nzima anajulikana Kakamega na msitu wa Nandi Kaskazini, na ambaye yumo kwenye orodha ya dunia ya ndege walio hatarini.

Nikamwandika kwenye mtandao ninakoweka kumbukumbu zangu. Hata ugali haujaiva, mhakiki amenirudishia: "Tafadhali tazama upya. Ushahidi hautoshi." Maneno matano! Ni mara ya tatu mwaka huu. Kwani yeye alikuwepo msituni? Umande ulimlowesha yeye au mimi?

Semeni ukweli. Nitavumilia.

#2 Kijana wa Section 58
Jumatatu, saa 3:25 usiku

Pole sana buda. Ndege wa kahawia ni kama matatu za rangi moja, unajua umepanda sivyo ukishafika Gilgil.

Nenda Jumapili umchezee sauti ya lendu kwenye simu. Akija, ndiye. Asipokuja, siye. Kesi imeisha.

Na mimi nina wangu hapa Nakuru. Mweusi tii, anakaa kwenye waya wa stima mbele ya nyumba, anakamata wadudu hewani anarudi pale pale. Mkamata-nzi mweusi, ama?

#3 Mzee wa Ikuywa
Jumanne, saa 12:05 asubuhi

Salamu nyote. Jicho, mwanangu, usimkasirikie mhakiki. Nimewatembeza wageni humu msituni zaidi ya miaka ishirini, na lendu nimeshawahi kumpa jina ndege ambaye hakuwa lendu, mbele ya watu sita waliolipa.

Kwanza tazama kalenda. Umeandika kwamba striata umemtoa kwa sababu ya michirizi. Sasa ni Juni. Striata wakati huu yuko Ulaya na Asia analea makinda. Huku kwetu anaanza kuonekana mwishoni mwa Septemba na Oktoba, na kufika mwisho wa Aprili wengi wameshaondoka. Kumtoa striata mwezi wa Juni kwa kuangalia kifua ni kama kumhoji shahidi ambaye hakuwa hata kijijini. Umepoteza nguvu zako kwake, halafu ukabaki na pumzi kidogo ya kumhoji adusta, ambaye ndiye mwenyeji.

Pili, mwanga. Picha zako zote tatu umepiga kutoka chini, na mbingu nyeupe iko nyuma ya ndege. Ukimpiga hivyo, kila ndege ni wa kijivu. Hata kanga utampata wa kijivu. Tena majani ya msitu huu yanachuja mwanga mpaka unageuka kijani: kahawia inaonekana kijivu, kijivu inaonekana kama zeituni. Siku hizi rangi ndiyo naitazama mwisho, nikishamaliza kila kitu kingine.

Sasa nijibu haya, na usiangalie picha, tumia kichwa. Alikuwa amekaa urefu gani kutoka chini? Akiruka anaenda mbali au karibu? Anarudi tawi lile lile? Na alikuwa peke yake?

Lendu niliyemzoea mimi ni ndege wa juu. Anakaa katikati ya mti mkubwa au karibu na kilele, kwenye matawi ya ndani, ametulia kama abiria anayesubiri gari lijae. Shingo inakuuma kabla hajasogea. Kwa chini ni kijivu tupu, hana michirizi wala madoa. Usoni pana mstari mfupi wa kijivu kati ya mdomo na jicho, upande wa juu, hafifu sana. Njano anayo kweli, kwenye mdomo wa chini. Lakini ukimwona kwenye pengo la mti ulioanguka, usawa wa macho yako, basi uwe na sababu nzuri ya kumwita lendu.

Aliyempa jina mwaka 1932 ni James Chapin, Mmarekani, yule yule aliyekuja kumtangaza tausi wa Kongo mwaka 1936. Jina lenyewe ni la uwanda wa Lendu, huko huko Kongo. Yaani hata jina lake halitoki kwetu, na bado vijana mnalikimbilia.

Na wewe wa Section 58: hapana. Kama kuna ndege analea karibu, ukimchezea sauti anaacha kiota anakuja kupigana na simu yako. Mayai yanapoa, wewe unafurahi. Tena ndege wa jirani naye anaweza kuja kuchungulia kelele ni ya nini, ukaondoka na jina lisilo lake. Kwangu hiyo si njia.

#4 Jicho la Shinyalu
Jumanne, saa 1:40 usiku

Mzee, shikamoo. Najibu kama nilivyoulizwa.

Urefu: mita mbili, labda mbili na nusu. Akiruka haendi mbali, ni kama mita moja au mbili. Anarudi tawi lile lile au la pili yake. Peke yake… nadhani. Sikuangalia pembeni, nilikuwa nahangaika na simu.

Ninavyoandika haya naona kesi inaniendea vibaya. Lakini njano je? Njano niliiona kwa macho yangu, na iko hata kwenye picha ya pili.

#5 Mvuvi wa Dunga
Jumanne, saa 2:15 usiku

Nyinyi watu wa msituni mnateseka bure. Njooni Kisumu niwape mkamata-nzi asiye na mawakili.

Hapa Dunga tunaye aquatica. Ni wa kahawia vilevile, saizi hiyo hiyo, lakini koo lake ni jeupe safi, chini ya koo pana mshipi wa kahawia kifuani, halafu tumbo jeupe. Ni kama amevaa fulana nyeupe akafunga shuka ya kahawia kifuani. Michirizi hana. Na haendi mbali na maji: mafunjo, matete, miti ya pwani ya ziwa, basi. Kila asubuhi tukirudi na omena yuko juu ya mti tunaofungia mtumbwi, anakamata visubi wanaopanda kutoka kwenye magugu maji. Unampita umbali wa mkono mmoja, hata hashtuki.

Mwaka 2020 maji ya ziwa yalipopanda na kuleta mafunjo karibu na banda letu, yeye naye alisogea. Akahamia kwenye uzio wa waya pale tunapoanikia omena. Mimi nilihamisha banda, yeye akahamisha nzi.

Lakini hata huyu amewahi kuwaponza watu. Agosti fulani alikuja mgeni na kamera ya bei ya ng'ombe wawili, akaniambia amepata striata kwenye mafunjo, mapema kabisa kabla ya msimu. Nikamwambia tazama koo. Hapo asubuhi jua lilikuwa nyuma ya ndege, mshipi umepotea kivulini. Tulizunguka na mtumbwi tukatokea upande wa pili, mwanga ukampiga kifuani, mgeni akafuta picha kumi na mbili hapo hapo. Hakuniambia asante, lakini alilipa mafuta.

Swali: aquatica anaweza kupanda hadi Kakamega?

#6 Mzee wa Ikuywa
Jumanne, saa 2:50 usiku

Humu msituni hapana, Mvuvi. Huyo ni wa maji mapana na mafunjo. Mwache akulindie omena.

#7 Mama Njoro
Jumatano, saa 4:20 asubuhi

Hamjambo watoto wangu. Nimesoma yote nikiwa napepeta maharagwe.

Mimi si wa msituni, ni wa bustani. Hapa Njoro mkamata-nzi wetu ni fischeri, mkubwa kuliko hao wenu, wa kijivu-bluu, na jicho lake lina pete nyeupe kubwa kama mtu aliyesahau kuvua miwani. Huyo hata mtoto wa chekechea anamjua. Jioni giza likianza anashuka kutoka kwenye uzio, anaokota mdudu kwenye njia ya gari, anarudi juu. Wakati wa kumbikumbi hatulali, mimi na yeye.

Sasa nisikilizeni. Mwaka juzi nilimwona ndege kwenye mti wa parachichi, umbo la fischeri lakini mgongo mzima una madoa meupe, kana kwamba amemwagiwa unga. Kifua kina magamba-magamba meusi. Pete ya jicho hafifu. Nilifungua kila kitu nilichonacho nyumbani. Nikaanza kufikiri labda ni ndege aliyepotea njia kutoka Ethiopia, moyo unadunda. Siku ya tatu fischeri mkubwa akaja na nondo mdomoni, akamtumbukizia. Alikuwa mtoto wake! Hawa wakamata-nzi wa kweli makinda yao yakitoka kiotoni huwa na madoa mgongoni na kifua kilichochafuka, hawafanani na wazazi hata kidogo. Wakishabadilisha manyoya ndipo wanakuwa kama wanavyochorwa.

Kwa hivyo Jicho, nakuuliza swali moja tu. Ile njano iko wapi hasa? Chini ya mdomo, kwa urefu wake? Au pembeni, pale mdomo wa juu na wa chini unapokutana?

Maana watoto wengi wa ndege wana njano pale pembeni.

Nakuru tuna striata pia, lakini msimu wake. Kuanzia Novemba nendeni ukingo wa Ziwa Nakuru, pale migunga iliyokufa baada ya maji kupanda imesimama ndani ya ziwa kama mifupa. Striata anapenda tawi tupu kama hilo. Mtazameni akiwa ametulia kwa upande: mabawa yake ni marefu, yakikunjwa yanafika kama katikati ya mkia. Huyo ni msafiri, amejengwa kwa safari. Adusta haendi popote, bawa lake fupi, mwili mviringo, kichwa mviringo, kama kitumbua chenye mkia. Ukishaona bawa hutahangaika na michirizi.

Na wewe kijana wa ndege mweusi, tazama mkia na jicho urudi. Usituletee "mweusi tii" peke yake.

#8 Jicho la Shinyalu
Jumatano, saa 4:31 asubuhi

Mama. Nimekuza picha ya pili hadi imekuwa mraba-mraba.

Njano iko pembeni.

Naenda kulala.

#9 Kijana wa Section 58
Jumatano, saa 4:33 asubuhi

Saa nne asubuhi? 😂

#10 Mwalimu wa Lurambi
Jumatano, saa 11:30 jioni

Niongeze neno dogo kabla uzi haujafungwa, maana hapa kuna watu wanaofikiri haya mateso ni ya Kakamega tu.

Kule Amerika wana kundi linaitwa Empidonax. Ni wakamata-nzi kwa jina tu, hawana undugu wa karibu na wetu; wale ni familia ya Tyrannidae, wetu ni Muscicapidae. Walifika kwenye umbo moja na tabia moja kwa sababu kazi ni moja: kukaa, kungoja, kuchomoka, kurudi. Ndani ya kundi hilo kuna traillii na alnorum, ambao hadi mwaka 1973 walihesabiwa kuwa spishi moja. Walitenganishwa zaidi kwa wimbo, kwa sababu kwa macho hata mtaalamu aliyemshika mkononi anaweza kuchanganyikiwa. Kule mtu akikutana na Empidonax aliyenyamaza, anaandika "Empidonax" anaenda nyumbani kula. Haoni aibu.

Sisi afadhali. Wetu kelele zao ni kidogo na nyembamba, "tsii" kama waya unaokwaruzwa, lakini tuna tabia na mahali vinavyotusaidia. Chukueni wale wawili wa kijivu, caerulescens na plumbeus. Ukiwaweka mezani wanakaribiana sana, kijivu-bluu juu, cheupe-cheupe chini. (Caerulescens orodha nyingine siku hizi zimemhamisha jina la kwanza, yaani la jenasi: si Muscicapa tena kama kina adusta, wanamwita Fraseria. Msiniulize, mimi nafundisha tu.) Lakini porini waache wafanye kazi dakika mbili. Caerulescens anakaa na kuchomoka kama mkamata-nzi yeyote, na usoni ana mstari mweusi kutoka mdomoni hadi jichoni na mstari mweupe juu yake. Plumbeus hakai. Anapita ndani ya majani akiokota wadudu kama anatafuta sindano iliyopotea, na kila hatua anaupanua mkia kama upepeo, manyoya meupe ya pembeni yanawaka. Mkia umemsema kabla hujafika usoni.

Na kuna wale wadogo weusi kwa weupe wa kwenye migunga, batis, ambao si familia hii hata kidogo ingawa watu wanawaweka kapu moja. Kwa hao tazama jike kwanza. Molitor jike ana doa la rangi ya kutu kwenye kidevu na mshipi wa rangi hiyo hiyo kifuani; wenzake wenye kichwa cheusi, jike ana mshipi bila doa. Dume peke yake atakupotezea asubuhi nzima, labda aimbe: molitor ana filimbi tatu zinazoshuka ngazi, fi, fii, fiii.

Nimesema neno dogo, samahani.

#11 Jicho la Shinyalu
Jumapili, saa 8:00 mchana

Nimerudi. Nimeoga, nimekula, sasa naweza kuandika.

Nilifuata maneno ya Mzee: simu nikaizima nikaiweka ndani ya mfuko wa nailoni, mfuko ndani ya begi. Nikaketi kwenye gogo la ule mti ulioanguka, mgongo kwenye jua ili mwanga utoke kwangu uende kwa ndege. Saa moja nzima sikuona kitu zaidi ya siafu, na siafu nao waliniona.

Saa mbili kasoro akatua. Tawi lile lile! Mita tatu kutoka nilipo, na safari hii alinigeuzia mgongo.

Wadau, mgongo ulikuwa umejaa madoa. Madoa madogo ya rangi ya siagi, yamepangika kuanzia utosini hadi kiunoni, na kwenye bawa yamekuwa kingo nyembamba, kila unyoya na ukingo wake. Wiki iliyopita nilikuwa chini yake, sikuuona mgongo hata sekunde moja. Alipogeuka nikaona kifua: ule "uchafu" wangu ni vijimagamba vyeusi-vyeusi kwenye cheupe, kama mtu aliyeshika makaa akapangusa vidole kwenye shati. Na pembe za mdomo, njano, nene, laini, kama aliyekula ugali wa mahindi ya njano akasahau kupangusa. Sehemu nyingine ya mdomo ni nyeusi. Mkia wenyewe haujamaliza kuota.

Nikiwa bado nashangaa, nikasikia ile "tsii" ya Mwalimu, nyembamba sana, nyuma ya bega langu la kushoto. Kinda likaanza kutetemesha mabawa. Akaja mkubwa, kabonge, kichwa mviringo, koo jeupe hafifu, kifua kina moshi wa michirizi, bawa fupi. Kitumbua chenye mkia, Mama, ulisema kweli. Ana kinondo cheupe mdomoni. Akakitumbukiza, akapangusa mdomo kwenye tawi mara mbili, kushoto kulia, akaondoka. Yote hayo hayakuchukua hata sekunde nne.

Adusta na mtoto wake.

Nilicheka peke yangu msituni. Jamaa mmoja aliyekuwa anapita na kuni kichwani alinitazama akaongeza mwendo.

Kumbukumbu nimeibadilisha, na mhakiki nimemwandikia kumwomba radhi kwa yale niliyosema kuhusu umande. Amejibu: "Asante. Picha ya kinda ipo?" Haipo, simu ilikuwa ndani ya nailoni. Kwa hivyo nina ndege niliyemwona vizuri kuliko wote mwaka huu na sina hata picha moja yake ya maana.

Lakini kuna jambo moja zaidi. Nikirudi, karibu na lile daraja dogo, juu kabisa kwenye mti wa mkuyu, kulikuwa na mwingine. Mdogo, wa kahawia-kijivu. Alikaa ndani ya matawi dakika kumi na moja nikimhesabia, akageuza kichwa mara mbili. Mbingu nyeupe nyuma yake, shingo yangu imevunjika. Mdomo wa chini… nadhani. Sijui.

Nimeandika "Muscicapa" basi, nikaja nyumbani kula.

#12 Mzee wa Ikuywa
Jumapili, saa 8:20 mchana

Dakika kumi na moja?

Jumapili ijayo nikungoje pale langoni saa kumi na mbili kamili. Njoo na godoro dogo au shuka nene, tutalala chali. Mtu anayetaka kumwona yule wa juu hasimami.

#13 Mama Njoro
Jumapili, saa 9:05 alasiri

Hongera mwanangu. Mhakiki naye mpelekee maharagwe, kazi yake haina asante.

#14 Mvuvi wa Dunga
Jumapili, saa 10:15 alasiri

Mimi wangu leo alikuwa kwenye usukani wa mtumbwi. Sikumwita mtu.

#15 Kijana wa Section 58
Jumapili, saa 12:40 jioni

Mama Njoro, nimetazama kama ulivyosema. Jicho ni jekundu. Mkia umepasuka katikati kama uma wa meno mawili, ncha zimepinda nje. Na leo alimfukuza mwewe mzima mpaka akavuka barabara.

Basi ni mkamata-nzi mweusi au siye?

#16 Mama Njoro
Jumapili, saa 12:44 jioni

Mkamata-nzi mweusi ana jicho la kahawia iliyokolea, mkia wake hauna huo uma, na ni mpole. Huyo wako ni mramba. Usitoke nje bila kofia, akiwa na kiota anapiga utosi.